Pasi Iliyowaka Ndani ya Kabati

Kila siku ya kazi, saa mbili na dakika tano asubuhi, mimi hufanya mambo matatu kwa mpangilio uleule. Navaa koti langu jeupe. Nafuta meza ya kupimia lenzi. Halafu natazama simu kuona kama Bibi amechemsha chai.

Simpigii. Natazama tu, maana mimi hutoka nyumbani gizani, Bibi akiwa bado amelala, niwahi kufagia duka na kupanga fremu. Kwenye kioo cha simu kuna mstari mwembamba wa buluu, na kila ifikapo saa kumi na mbili na nusu mstari huo hupanda ghafla kama kilima, hukaa juu dakika nne, kisha hushuka. Kilima hicho ni birika la umeme. Birika likichemka, Bibi ameamka. Bibi akiamka, mimi napumua.

Jumatatu ile kilima kilikuwepo. Nikapumua. Nikairudisha simu mfukoni, nikampokea mteja wa kwanza, na kabla sijamaliza kumpima ikatetemeka.

PASI IMEWAKA SAA NZIMA BILA KUZIMWA.

Kwa wewe uliyenikuta njiani, usiyesoma visa vyangu vya nyuma, mimi ndiye yule msichana aliyesomea vifaa vya elektroniki miaka mitatu chuoni, akaishia kupima lenzi kwenye duka la miwani. Naishi na Bibi, mama yake baba yangu, sisi wawili tu, maana wazazi wangu wako kazini mji mwingine. Wenzako wameshasoma nilivyonunua plagi janja sita, zile unazochomeka ukutani kwanza, kisha kifaa ukakichomeka ndani yake, nazo zinapima kinakula umeme kiasi gani. Wamesoma nilivyoziunganisha na kompyuta kuukuu niliyoilaza ndani ya kasha la viatu juu ya kabati. Na wamesoma yaliyompata fundi redio aliyejitolea kunisaidia. Amenisamehe, ingawa nyusi zake bado hazijaota.

Yote hayo niliyafanya kwa sababu ya Baba Mkubwa, kaka yake baba yangu. Anataka kumchukua Bibi akakae kwake, mwendo wa saa sita kwa gari. Anasema Bibi anashinda peke yake, atasahau moto, atateketea na nyumba. Mimi sitaki. Bibi akiondoka, sina mtu mwingine duniani ninayeweza kukaa naye kimya bila kuona aibu.

Basi nilimwahidi Baba Mkubwa kwamba nitamlinda Bibi kwa vipimo. Na ili aniamini, nikauagiza mtambo wangu utume kila taarifa ya hatari kwenye kundi la ukoo la simu, na vipimo vyote kwenye ukurasa wa ukoo mtandaoni.

Maana yake ni kwamba habari ya pasi, siku ile, ilitufikia watu thelathini na mmoja kwa mpigo.

Mbele yangu alikuwa amekaa mwalimu mstaafu. Nilikuwa nimemvua miwani yake na kumvisha ile fremu nzito ya majaribio, ya chuma, ambayo tunabadilisha lenzi moja baada ya nyingine.

"Hii, na hii," nilikuwa nimemwuliza, "ipi inaonyesha vizuri?"

"Rudia ya kwanza, binti."

Sikurudia. Nikakimbia.

Nilimkuta Bibi amekaa mezani anapanga vifungo vya nguo kwa ukubwa. Aliinua kichwa akaniangalia juu mpaka chini: koti jeupe, jasho, kiatu kimoja kimefunguka.

"Umefukuzwa kazi?"

"Pasi, Bibi! Pasi!"

"Imekufanya nini?"

Nikafungua kabati. Pasi ilikuwa mahali pake, waya umezungushwa shingoni, baridi kabisa. Nikatazama ukutani inapochomekwa. Plagi nyeupe ilikuwepo, na taa yake ndogo ya kijani. Kila plagi niliibandika jina kwa karatasi, lakini sikuinama kusoma. Nani anasoma jina la mtu anayemjua?

Nikatoa simu. Simu ilisema pasi inawaka. Ilisema pia friji imezimika, huku naisikia inanguruma jikoni kama kawaida. Hapo nikaelewa, au nilidhani nimeelewa. Programu yangu imeugua. Mimi ni mtu ambaye hata nikikanyagwa mguu naomba radhi, kwa hiyo kosa lolote likitokea huanza kulitafuta kwangu.

"Kaa basi, mke mwenzangu," alisema Bibi. Hivyo ndivyo anavyoniita, kwa kuwa anadai marehemu Babu alinioa siku niliyozaliwa na hakumwomba ruhusa. "Umeshakuja, utarudi na kiu?"

Nikakaa. Tukanywa chai. Akanisimulia jinsi Babu alivyowahi kupanda basi la harusi ya watu akaenda nalo hadi mwisho kwa kuona haya kusema amekosea. Nilicheka mpaka nikasahau pasi.

Niliporudi kazini Mama Lenzi, mwenye duka, alikuwa amesimama mlangoni.

"Mwalimu yuko wapi?" nikauliza kwa sauti ndogo.

"Amekwenda zake, na fremu yetu usoni. Angefanyaje? Macho yake unayo wewe."

Nikatia mkono kwenye mfuko wa koti. Miwani ya mwalimu ilikuwa humo.

Jioni nikaupekua mtambo mzima. Kila kitu kilikuwa sawa. Pasi ilisoma sifuri, friji ilisoma kama friji. Nikabadilisha mistari miwili ya programu, ili nisionekane nimekaa bure.

Jumanne, saa tatu kasoro: PASI IMEWAKA SAA NZIMA BILA KUZIMWA.

Nikakimbia. Pasi baridi. Bibi mezani.

"Leo pia?" akasema. "Duka lenu halina kazi?"

Vikombe viwili vilikuwa tayari mezani. Niliviona. Sikujiuliza.

Jumatano, saa tatu kasoro, vivyo hivyo. Nilipokuwa nafunga kiatu ili nikimbie, Mama Lenzi alinishika bega.

"Binti yangu, mimi nakupenda. Ukitoka na leo, kesho usijisumbue kurudi mbio. Tembea tu, maana utakuwa huna pa kuwahi."

"Ni bibi yangu, mama."

"Mpigie simu."

"Akiwa ameanguka, hatapokea."

"Na akipokea?"

Nikatoka. Bibi alikuwa mzima, amevaa hereni. Alinipokea koti akalitundika, akaniuliza kwa nini siku hizi nimekonda shingo.

Saa saba mchana Baba Mkubwa akapiga simu. Hapa lazima nimweleze. Baba Mkubwa alikuwa mkaguzi wa mizani miaka thelathini. Alizunguka madukani na mawe yake ya kupimia, akafunga maduka ya watu kwa tofauti ya gramu tano. Haamini harufu, haamini macho, haamini machozi. Kitu kisichokuwa na namba, kwake hakijatokea.

"Siku tatu mfululizo," alisema. "Jumatatu dakika tisini na nne. Jumanne dakika themanini na nane. Leo mia na mbili."

"Baba Mkubwa, pasi ilikuwa baridi. Niliishika."

"Ulipima kwa nini?"

"Kwa mkono."

Nikasikia kalamu yake ikiwekwa mezani.

"Mkono," akasema. "Mtambo umeujenga wewe, halafu unanipa ushahidi wa mkono. Jumamosi nakuja na gari. Shangazi yako ataleta sanduku. Mama anahama."

Nilijibu "Ndiyo, Baba Mkubwa," kama mtu aliyeambiwa atavunjwa mguu akauliza upi.

Sasa sikilizeni nilichokifanya, na msinihurumie.

Jumatano ile jioni, wakati Bibi anasikiliza redio sebuleni, nilikaa kitandani nikaandika programu nyingine ndani ya simu yangu. Kazi yake ilikuwa moja tu: kuujaza ukurasa wa ukoo vipimo vya uongo.

Nikamtengeneza Bibi wa namba. Bibi huyo anaamka saa kumi na mbili na nusu kamili, hakosei hata dakika. Anachemsha birika moja. Anasikiliza taarifa ya habari ya saa nne, anazima redio. Mchana anawasha feni dakika arobaini, analala kidogo, anaizima. Pasi haigusi. Nikampa hata vikasoro vidogo ili aaminike: siku nyingine achelewe sekunde ishirini.

Alikuwa bibi mzuri sana. Hana presha, hana magoti.

Alhamisi saa mbili na dakika tano nikavaa koti, nikafuta meza, nikatazama simu. Kilima kilikuwepo. Na mimi mwenyewe, niliyekichora kwa vidole vyangu, nilipokiona nikapumua.

Sikutoka kazini siku hiyo. Mama Lenzi, aliyekwisha nisamehe ya Jumatano, alinipa biskuti. Nilipofika nyumbani Bibi alikuwa anaanua nguo.

"Leo nimeshinda na maji matupu," akasema.

"Vizuri, Bibi. Maji ni mazuri kwa afya."

Akaniangalia muda mrefu, akaenda kukunja nguo.

Ijumaa pia sikutoka. Kundi lilikuwa shwari, bila onyo hata moja. Binamu mmoja alituma picha ya maua kushukuru kwa amani. Shangazi akaandika: "Tuliwaambia Mama ni mzima," ingawa hakuwa amemwambia mtu yeyote kitu kama hicho.

Niliporudi jioni, mezani palikuwa na vikombe viwili. Vyote vimejaa chai mpaka juu. Vyote vimepoa, vimefanya utando.

"Ulikuwa na mgeni, Bibi?"

"Hapana," akasema. "Hakuja."

Nikavimwaga, nikaviosha. Nilikuwa nawaza Jumamosi.

Jumamosi saa nne asubuhi gari la Baba Mkubwa likasimama nje. Aliingia amebeba faili. Nyuma yake Shangazi, dada yao yeye na baba yangu, ambaye ana saluni mitaa mitatu kutoka kwetu, anavuta sanduku jekundu lenye magurudumu.

"Mama!" Shangazi akamkumbatia Bibi. "Umependeza! Yaani miezi inakimbia. Kila siku nasema nitapita, halafu naona kwenye kundi uko salama, nasema aa, Mama yuko salama."

"Karibu," alisema Bibi. "Na sanduku karibu."

Baba Mkubwa hakukaa mpaka kompyuta iliposhushwa kutoka juu ya kabati, ikatolewa kwenye kasha la viatu, ikawekwa mezani mbele yake. Akapapasa mifuko ya shati, kisha akaokota miwani ya mwalimu, ambaye hakuwa bado amerudi dukani, pale mezani nilipoiacha.

"Nimesahau miwani yangu. Hii ya nani?"

"Ni ya mwalimu mmoja, Baba Mkubwa. Sio ya..."

Alikuwa ameshaivaa. Macho yakawa madogo kama ya panya. Akarudisha kichwa nyuma, akakileta mbele, akapata umbali uliomridhisha.

"Haya. Nionyeshe."

Nikamwonyesha Alhamisi. Nikamwonyesha Ijumaa. Kilima, redio, feni, sifuri. Bibi wa namba hakuteleza hata mara moja. Baba Mkubwa alifuata mstari kwa ncha ya kalamu, na kwa mara ya kwanza maishani mwangu nikamwona akitabasamu kwa sababu ya kitu nilichokifanya mimi.

"Safi," akasema. "Safi sana. Hii ni kazi ya mtu makini. Labda tulikuwa na haraka."

Nikamtazama Bibi. Hakuwa anafurahi. Alikuwa anaangalia ile kompyuta kama mtu anayeonyeshwa picha akaambiwa ni yeye.

"Alhamisi gani hiyo?" Shangazi akauliza, ameinama juu ya bega la kaka yake.

"Juzi."

"Juzi umeme haukuwepo."

Kalamu ya Baba Mkubwa ikasimama juu ya mstari.

"Ulikatika saa kumi na mbili asubuhi ukarudi saa kumi na moja jioni, mtaa mzima," Shangazi akaendelea, bila nia mbaya, maskini. "Nilikuwa na mteja anayewahi safari ya asubuhi, nimemkausha upande mmoja. Ameondoka nusu simba, nusu kuku aliyenyeshewa. Siwezi kuisahau Alhamisi ile mpaka naingia kaburini."

Baba Mkubwa akaivua miwani ya mwalimu. Akaifuta. Akaivaa tena.

"Saa kumi na mbili na nusu," akasoma polepole, "birika, wati elfu moja na mia nane. Umeme haupo." Akanigeukia. "Bibi yako anachemsha maji kwa dua?"

Maji matupu. Alishinda na maji matupu kwa sababu hakuwa na umeme wa kuchemsha chai, na aliniambia, na mimi nikamsifu kwa afya.

"Nimedanganya," nikasema.

"Sema kwa sauti."

"Nimedanganya, Baba Mkubwa. Vipimo vya siku mbili hizi nimevitunga."

Sijui kama mmewahi kumwona mkaguzi wa mizani aliyekuta jiwe la kilo limetobolewa chini. Hakukasirika. Alihuzunika. Akasema neno moja tu: "Kumbe." Kisha akanyoosha kidole kwenye kioo.

"Toa uongo. Weka ukweli."

Nikaizima ile programu. Ukurasa ukatikisika, vipimo vya kweli vikaingia. Na hapo juu kabisa, kwa herufi nyekundu:

PASI: INAWAKA. WATI 94.

"Sasa hivi?" Shangazi akapiga kelele.

"Sasa hivi," alisema Baba Mkubwa.

Tukakimbilia kabatini wote watatu. Pasi ilikuwa imelala, waya shingoni. Baba Mkubwa aliitoa kwa kitambaa cha meza, akaja nayo mikono imenyooshwa mbele kama aliyebeba nyoka, akaiweka katikati ya meza. Haikuwa imechomekwa popote. Waya wake ulikuwa unaning'inia wazi, sote tunauona.

"Msiishike!" Shangazi akarudi nyuma. "Inawaka!"

"Shangazi, haijachomekwa."

"Wewe kaa kimya, umetutungia siku mbili!"

Baba Mkubwa akasogeza kiganja juu ya pasi, taratibu, umbali wa kidole kimoja. Akatazama kioo. Tisini na nne. Akatazama pasi. Akafumba macho.

"Ina uvuguvugu," akasema.

"Naona moshi," akasema Shangazi.

Bibi alikuwa kwenye kiti chake, mikono juu ya mapaja, anatutazama sisi, watoto wake na mjukuu wake, tumeizunguka pasi ya baridi kama watu wanaosubiri yai lianguliwe.

Na hapo ndipo miaka yangu mitatu ya chuo ikaamka. Wati tisini na nne? Pasi ile inakula elfu moja na zaidi. Hakuna pasi duniani inayowaka kwa wati tisini na nne. Nikaendelea kutazama. Tisini na nne. Tisini na tatu. Halafu ghafla, mbili. Na jikoni, sekunde ileile, mngurumo ukakatika.

"Friji," nikasema.

"Nini?"

"Hiyo ni friji!"

Nikakimbia jikoni, nikapiga magoti, nikaingiza mkono nyuma ya friji kwenye vumbi. Plagi nyeupe. Nikageuza kichwa nikasoma karatasi niliyoibandika mwenyewe, kwa herufi kubwa kama za bango: PASI. Nikaenda ukutani kwa pasi. FRIJI. Zilikuwa zimebadilishana nafasi. Wiki nzima mtambo wangu haukuwa mgonjwa. Mimi ndiye niliyekuwa sisomi.

Nilirudi sebuleni na plagi zote mbili, moja kila mkono, nimejaa utando wa buibui, na kwa mara ya kwanza tangu nizaliwe nilipaza sauti mbele ya Baba Mkubwa.

"Pasi haijawahi kuwaka! Hata siku moja! Plagi zilihamishwa! Bibi hajasahau kitu, Bibi ni mzima!"

Nilikuwa nimeshinda. Nilikuwa na uhakika nimeshinda.

Baba Mkubwa akazichukua plagi. Akazipima kwa mikono, ya kulia na ya kushoto, kama desturi yake.

"Zilihamishwa," akarudia. "Na nani?"

Sikuwa nimefika huko.

"Mchana nyumba hii ina mtu mmoja," alisema taratibu. "Kama alizihamisha na hakumbuki, binti yangu, hilo ni baya kuliko pasi. Pasi inazimwa." Akamgeukia dada yake. "Fungua sanduku."

Zipu ya sanduku ikalia. Shangazi alikuwa anapangusa machozi kwa mkono mmoja na kufungua kwa mwingine.

"Ni mimi," nikasema. "Nilizihamisha mimi. Jumapili. Nilikuwa nafanya majaribio."

"Mwongo huyo," alisema Bibi.

Hakuinua sauti. Lakini zipu ilisimama.

"Ameshadanganya mara moja wiki hii, na hata hiyo hakuiweza," akaendelea. "Nimezihamisha mimi. Na nakumbuka vizuri sana. Nikutajie saa? Wewe si unapenda namba? Jumanne saa mbili kasoro dakika kumi. Jumatano saa mbili kasoro robo. Jana saa mbili kamili. Kila nikizirudisha, huyu anakuwa uani anaosha vikombe. Jana sikuzirudisha."

"Kwa nini, Mama?" Baba Mkubwa aliuliza, na safari hii sauti yake haikuwa ya mkaguzi.

"Jumatatu ilikuwa bahati mbaya. Nilikuwa nafagia nyuma ya friji, nikachomoa, nikachanganya. Najua kusoma, lakini sikuwa na miwani, kama wewe sasa hivi. Mara mlango huo, pwaa! Mke mwenzangu huyu hapa, kiatu kimefunguka. Saa tatu asubuhi! Tukanywa chai. Tukacheka. Alipoondoka nikavaa miwani, nikazisoma, nikazirudisha, kisha nikakaa nikajiuliza, kumbe ni hivi tu? Jumanne nikahamisha kusudi. Akaja. Jumatano nikahamisha. Akaja. Jana nikahamisha, nikamimina vikombe viwili kabisa."

Nilitamani sakafu ifunguke.

"Wewe," akamwambia Baba Mkubwa, "miaka miwili hujakanyaga hapa. Pasi moja tu, umeendesha gari saa sita. Na wewe mama wa saluni, mitaa mitatu. Mitatu! Ningejua mapema, ningehamisha plagi zote sita."

"Mama, ungesema tu," Shangazi akalia.

"Niseme wapi? Kwenye kundi?"

Hapo simu zetu zikatetemeka. Yangu mfukoni, ya Shangazi ndani ya mkoba, ya Baba Mkubwa juu ya faili. Mtambo ulikuwa umeamka, unawatangazia watu thelathini na mmoja kwamba pasi imewaka saa ishirini na sita. Hakuna aliyeangalia.

Bibi akainuka. Akaja mpaka niliposimama, akanitoa utando wa buibui kwenye nyusi kwa kidole gumba.

"Zamani ulikuwa unanipigia saa saba kila siku," akasema. "'Bibi, umekula?' Nimekula. 'Umekula nini?' Nakutajia. Halafu unaishiwa maneno, nami nakuacha uishiwe, tunasikilizana tunavyohema mpaka mama wa duka akuite. Ulipoleta hivi vidude, ukaacha. Siku ya kwanza nikajua umebanwa na kazi. Wiki ya pili nikajua unaniangalia kwenye birika."

Alikuwa anasema kweli. Na kuna jambo sikuwahi kulisema hata kwenu. Sikujenga mtambo ule kwa ajili ya Baba Mkubwa peke yake. Niliujenga kwa sababu kila siku saa saba nilikuwa natafuta namna ya kumwambia Bibi kwamba naogopa siku atakayokufa, na kila siku nilikuwa nasema "Umekula nini?" badala yake. Kilima cha buluu kilinipunguzia kazi hiyo.

Akainama, akashika mpini wa sanduku jekundu, akalisimamisha wima katikati yetu.

"Huyu anataka niende, wewe unataka nibaki. Hakuna aliyeniuliza mimi. Sawa. Mimi nauliza kwanza." Akanishika kidevu akakiinua, maana nilikuwa natazama sakafu. "Sikuhitaji kulindwa, mjukuu wangu. Nilitaka unipigie. Nikienda kwake, utanipigia? Nikibaki hapa, utanipigia? Nijibu kwa mdomo wako, sio kwa mashine, ndipo nitawaambia sanduku hili linakwenda wapi."